Upakaji nta wa magari mkoani Arusha

Upakaji nta wa magari ni kazi ya kufunika rangi ya gari kwa tabaka jembamba la nta ili kuikinga dhidi ya maji, uchafu na mionzi ya jua. Nta hutofautiana na polishi, ambayo husugua rangi ili kupunguza mikwaruzo. Katika jiji la Arusha na maeneo ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, kazi hiyo huathiriwa na baridi ya Juni hadi Agosti.

Mazingira

Arusha iko chini ya Mlima Meru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi asubuhi nyingi huwa na mawingu, na magari yanayolala nje hulowa umande. Msimu huo pia ni wa kiangazi, hivyo barabara zisizo na lami hutoa vumbi jingi. Vumbi hilo la udongo wa volkeno lina chembe ngumu; likifutwa kwa kitambaa kikavu hukwaruza rangi.

Athari za baridi

Baridi huifanya nta kuwa ngumu, isambae kwa shida na kuchelewa kukauka. Unyevu juu ya bodi huizuia kushika. Kwa hiyo wakati unaofaa ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, kivulini, bodi ikiwa kavu na si ya baridi.

Hatua

1. Kumwagia gari maji mengi ili kuondoa vumbi.
2. Kuosha kwa shampuu ya magari na kukausha kabisa.
3. Kupaka nta kidogo, sehemu moja baada ya nyingine.
4. Kufuta kwa kitambaa laini na safi nta inapokauka.

Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone juu ya bodi, nta imeisha.

Mipaka

Nta haizuii mikwaruzo ya mawe wala haiondoi kutu. Magari mengi nchini Tanzania huagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani, ambako barabara za maeneo yenye theluji humwagiwa chumvi. Chumvi huchochea kutu, hasa uvunguni, mahali ambapo mng'ao wa nta hauonyeshi chochote. Kwa sababu hiyo uvungu hukaguliwa kabla ya gari kununuliwa, hata kama rangi yake inang'aa.