Pakeji ya Linux: Kuijenga ni Wikendi, Kuitunza ni Miaka

Maswali ya watu wanaoanza Linux hapa mtaani yanafanana. Pakeji ni nini? Inajengwaje? Lazima uwe na digrii? Ni maswali poa, lakini kuna moja ambalo karibu kila mtu analiruka: ikishajengwa, nani anaitunza? Jibu liko kwa historia, na sehemu ya hiyo historia iko kwa Kiswahili. Kwa hivyo twende polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuweka programu kwenye Linux ilikuwa kupasua kichwa. Unachukua msimbo mtupu uliobanwa kwa faili moja, unaufungua, unaujenga mwenyewe, alafu katikati mashine inakuambia kuna programu nyingine inakosekana. Unaenda kuitafuta, nayo inadai nyingine. Ni kama kununua meza vipandevipande Gikomba: mbao unatoa hapa, misumari kule, na fundi ni wewe.

Tarehe 16 Agosti 1993 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Ian Murdock, alitangaza mradi wa Debian. Wazo lilikuwa watu wengi wajenge mfumo mmoja, kila mtu akibeba kipande chake. Hicho kipande ndicho pakeji. Ndani kuna faili za programu zikiwa tayari, na pembeni kuna maelezo: jina, toleo, vitu inavyotegemea, na mtunzaji ni nani. Mwaka 1999 Debian 2.1 ilikuja na apt, ile amri ambayo inasoma hayo maelezo na kukuletea kila kinachohitajika kwa mpigo mmoja.

Huo mstari wa mtunzaji usiuchukulie rahisi. Kwa laptopu yenye Debian au Ubuntu, andika `apt show` kisha jina la pakeji yoyote. Utaona neno Maintainer, jina la mtu au kikundi, na barua pepe. Kuna mtu amesema mbele ya dunia yote: hii ikiharibika, nitafuteni mimi.

Sasa turudi Nairobi. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, ikiwa imejengwa juu ya Debian, sisi tulikuwa na shida ya umbali. apt inatoa pakeji kwa ghala la mtandaoni, na Kenya hadi 2009 ilikuwa inategemea setilaiti kufika intaneti ya nje. (Watu wa Riruta Satellite, tulieni, hiyo si yetu.) Intaneti ilikuwa ghali na ya kujikokota. Kati ya 2005 na 2011 Ubuntu ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta, na CD moja ingeweza kuzunguka kwa watu wengi. Ilisaidia sana. Lakini CD haijisasishi. Tundu la usalama likipatikana kesho yake, pakeji iliyo ndani inabaki vilevile, na wewe ukikosa intaneti unabaki na hilo tundu.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mambo yakaanza kubadilika. Leo ukiweka Ubuntu na uiambie uko Nairobi, anwani ya ghala inaanza na herufi mbili: ke. Kupata pakeji si stori tena. Kilichobaki ni kuamua kama sisi ni wateja tu wa hilo ghala au pia tunaleta mzigo.

Na wengine walishaanza kuleta. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu ambayo menyu zake ni za Kiswahili. Hiyo ni miaka 20 na ushee iliyopita, kabla wengi wetu hata hatujashika simu. Watu walikaa wakakubaliana neno la kila kitu kwa skrini, moja baada ya lingine.

Lakini programu haikai mahali pamoja. Mwaka 2010 OpenOffice iligawanyika, LibreOffice ikazaliwa, na Debian ikahamia huko. Kazi yoyote iliyofanywa kwa OpenOffice ilihitaji mtu wa kuivusha. Chukua kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Enzi za OpenOffice pakeji yake ndani ya Debian iliitwa myspell-sw, leo inaitwa hunspell-sw. Hunspell ilitengenezwa na László Németh wa Hungary, kwa sababu Kihangaria kinabandika viambishi vingi kwa neno moja. Si ni kama sisi? "Hatutawapigia" ni neno moja, lakini ndani yake kuna sentensi nzima. Ndiyo maana kamusi hiyo ina faili mbili: moja ya maneno, nyingine ya kanuni za viambishi. Iko hai leo kwa sababu kuna watu, kupitia kikundi cha Debian kinachoshughulikia LibreOffice, walioendelea kuibeba kutoka toleo hadi toleo. Hakuna sherehe iliyofanywa. Ni kazi ya kufagia kila asubuhi.

Na pasipofagiliwa, ama mfagiaji akichoka, hatari inaingia. Machi 2024 Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwa seva kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akapata mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alitumia jina Jia Tan, na alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili akijifanya kumsaidia mtunzaji aliyekuwa amelemewa na kazi. Mlango ulishafika kwa Debian ya majaribio. Nusu sekunde ndiyo ilituokoa, manze.

Kwa hivyo, wewe unayeanza: digrii haiulizwi. Unahitaji laptopu, hata ya ex-UK, na subira. Toa msimbo wa pakeji ndogo kwa `apt source`, ufungue folda inayoitwa debian. Utakuta control yenye maelezo, rules ya kujenga, copyright ya leseni, na changelog ambapo kila badiliko limewekwa jina na tarehe. Isome kama diary ya mtunzaji. Alafu ripoti dosari moja, ama irekebishe. Ukiwa na pakeji yako, mwanachama wa Debian anaikagua na kuipandisha kwa niaba yako hadi uaminike.

Na ukitaka pa kuanzia, weka hunspell-sw, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uone ni maneno gani sahihi yanapigiwa mstari mwekundu. Kila mstari wa aina hiyo ni kazi inayongoja mtu anayejua lugha hii. Mtu wa Budapest hawezi kukufanyia.