Usonji, Degedege na Sumaku

Mzazi mmoja alinijia ofisini hapa Matogoro. Mwanawe ana usonji, naye amesikia kwamba ng'ambo kuna mashine ya sumaku inayotibu ubongo bila kisu. "Mwalimu, niuze shamba?" Mimi si tabibu. Nilimjibu kwa historia, kwa kuwa ndiyo niliyosomea.

Mashine hiyo ilizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake walipoweka koili ya umeme juu ya kichwa cha mtu na misuli ya mkono wake ikacheza bila yeye kutaka. Mwaka 2008 Marekani iliiruhusu kutibu sonona. Kwa usonji yapo majaribio, mengi ya watu wachache. Idhini ya tiba haijatolewa huko.

Historia yetu wenyewe yanishughulisha zaidi. Leo Kanner aliueleza usonji mwaka 1943, na kwa muda mrefu wapo waliouona kuwa maradhi ya Wazungu wasomi. Victor Lotter alizuru miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Zambia zikiwamo, akachapisha matokeo mwaka 1978. Tanzania haikuwamo. Mwaka 2006 ukachapishwa uchunguzi wa watoto 20 wa Kitanzania: 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege. (Degedege, ambalo bibi zetu walilihusisha na ndege wa usiku. Tuliwacheka bibi, tukausahau na ugonjwa.)

Watoto watatu hawathibitishi chanzo. Lakini sumaku ile, ingawa ni kwa nadra, yaweza kuamsha kifafa, na aliyewahi kupata degedege ndiye wa kuhofiwa kwanza. Utaratibu uliopimwa kwa watoto wa Marekani, ambako malaria si ugonjwa wa utotoni, hauwezi kuhamishiwa Songea kama ulivyo. Nawauliza wenzangu watumishi wa afya: kadi ya kliniki tunaijaza uzito na chanjo, je, mama akisema mtoto ameacha kuongea baada ya homa, tunayaandika wapi maneno yake?

Nilimwambia mzazi yule asiuze kwanza. Kisha nikamuuliza kama mtoto amewahi kushikwa na degedege.

"Mara mbili," akasema. "Alikuwa ameshaanza kuniita baba."