Fidia ya jeraha la bega litokanalo na chanjo

Ni malipo ya kisheria kwa mtu aliyeumizwa bega na sindano ya chanjo iliyodungwa juu mno, ikakosa msuli na kufika kwenye kiungo. Maumivu huanza ndani ya saa 48, na mkono huwa mzito kuinuka kwa miezi. Tatizo ni mahali pa kudunga, si chanjo.

Marekani ina mfuko wa fidia tangu 1988, unaogharimiwa na kodi ya chanjo. Mwaka 2017 jeraha hili liliingizwa kwenye orodha yake, na mdai halazimiki kuthibitisha uzembe.

Kenya haina mfuko wa kitaifa kama huo. Chanjo za UVIKO-19 za COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, zilizoanza kuwasili Nairobi Machi 2021, ziliambatana na fidia isiyohitaji uthibitisho wa kosa, lakini kwa madhara makubwa tu. Aliyekubali malipo aliacha haki ya kushtaki. Kwa chanjo nyingine, mtu aliyeumia, kwa mfano mkazi wa Idsowe karibu na Garsen, anabaki na kesi ya uzembe. Zahanati za umma ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na sheria hutoa miezi 12 pekee kuishtaki serikali kwa madhara ya aina hii. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu aliye mbali na wakili. Aliyeumia aripoti mapema kituoni na ahifadhi kadi yake ya chanjo.