Ukiritimba wa Zamu: Mpira wa Runinga kutoka Vuria hadi Maungu

Ushindani wa vituo vya runinga katika kuwania watazamaji wa michezo nchini Kenya ni jambo la juzi tu, kwa kuwa tangu runinga ilipoanzishwa mwaka 1962 hadi kituo cha KTN kilipozinduliwa mwaka 1990, shirika la utangazaji la taifa, lililoitwa Sauti ya Kenya kati ya 1964 na 1989, lilikuwa hewani peke yake. Isitoshe, mawimbi ya runinga husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima, ndiyo maana katika kaunti ya Taita Taveta mitambo ya kuyarusha husimikwa kwenye kilele cha Vuria, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,200. Kwa wakazi wa Maungu, mji mdogo wa kaunti hiyo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa ulio takriban kilomita 30 kutoka Voi, mpira wa miaka hiyo ulikuwa hasa wa redio, na sauti iliyovuma ilikuwa ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela.

Mambo yalibadilika mwaka 1995, MultiChoice ya Afrika Kusini ilipoingia nchini kwa ubia na shirika hilo la taifa, sasa likiitwa KBC, na kuleta runinga ya kulipia inayopokewa kutoka kwenye setilaiti. Setilaiti iliyokuja kutumiwa na kampuni hiyo kwa Afrika Mashariki iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, yaani karibu kabisa na utosi wa Maungu, hivi kwamba dishi la huko hutazama juu kana kwamba limewekwa kukinga mvua, na milima haina tena la kuzuia. Kikwazo kipya kikawa ada ya kila mwezi, na dawa yake ikawa banda la mpira: chumba cha mabenchi chenye ubao wa chaki mlangoni unaotaja timu na saa ya mechi, ambamo madereva wa malori na utingo wao, pamoja na vijana wa mji, hutoa kiingilio kidogo badala ya kila mmoja kulipia king'amuzi chake. Kwa hakika, katika miji ya namna hii mteja halisi wa kampuni za runinga ni mwenye banda.

Mwenye banda huyo ndiye anayebeba hasara pindi haki za matangazo, yaani ruhusa ya kuonyesha mashindano fulani inayouzwa kwa mkataba, zinapohamia kwingine. Mwaka 2007 kampuni ya GTV ilinunua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ikauza ving'amuzi vyake, kisha Januari 2009, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, ikafunga shughuli zake ghafla. Kwa kuwa king'amuzi hufungua mawimbi ya kampuni iliyokiuza tu, vyote vilivyonunuliwa vikabaki mapambo.

Ligi ya nyumbani nayo haikupona. SuperSport, kitengo cha michezo cha MultiChoice kilichoionyesha kwa miaka kadhaa, kilijitoa mwaka 2017 baada ya mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. StarTimes ya China ikaja mwaka 2020 na kuondoka kabla ya mkataba kuisha. Kisha mwaka 2023 Azam ya Tanzania ikatia saini mkataba wa miaka 7. Hata kuzimwa kwa mitambo ya analojia mwaka 2015, mabadiliko ambayo serikali iliyasifu kwamba yangeongeza chaguo, kulimlazimu mtazamaji wa vituo vya bure naye anunue king'amuzi.

Katika biashara nyingine wauzaji wakiongezeka mnunuzi hupata nafuu, lakini hapa haki huuzwa kwa mmoja tu, na kinachoitwa ushindani huwa ukiritimba wa kupokezana zamu. Mnamo Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, hivyo zamu imebadilisha mwenyewe bila kubadilisha utaratibu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ingefanya jambo la maana kuzilazimisha kampuni hizi zitumie king'amuzi kimoja, ili mkataba ukihama mtu abadilishe malipo tu.