Ufunguo uliofutwa

Novemba 2008, wiki chache baada ya simu ya kwanza ya Android kuingia madukani Marekani, mtumiaji mmoja alikuwa akichati na mpenzi wake. Akaandika neno "reboot". Simu ikazimika na kuwaka upya.

Ilikuja kubainika kwamba kila herufi iliyobonyezwa kwenye HTC Dream, iliyouzwa pia kwa jina la G1, ilipelekwa pia kimyakimya kwenye sehemu ya mfumo inayopokea amri, na maneno yaliyoandikwa yakatekelezwa kama amri ya mwenye mamlaka yote. Google waliziba tundu hilo haraka. Lakini wajuzi walikuwa wameshapenya, na miongoni mwa waliochezea simu hiyo alikuwa Steve Kondik, aliyejiita Cyanogen mtandaoni. Android yake aliyoirekebisha mwenyewe ikapewa jina la CyanogenMod.

Siku zile faragha haikuwa gumzo. Watu walitaka simu yenye kasi, ambayo kampuni haitaitelekeza baada ya mwaka. Barua ya Google ya Septemba 2009 ndiyo iliyofungua ukurasa mwingine, ingawa haikukusudia hivyo. Kondik aliambiwa kwamba Android ni huria, lakini Gmail, Ramani na duka la programu ni mali ya kampuni, asizigawe. Akaziondoa. Hapo ikaonekana wazi kwamba nyama na mfupa vinaweza kutenganishwa: simu ya Android inaweza kuishi bila Google ndani yake. Edward Snowden alipoanika ujasusi wa Marekani Juni 2013, wapo waliotaka simu ya namna hiyo hasa.

Mradi wa Kondik, uliokuwa umegeuzwa kampuni iitwayo Cyanogen, ulifunga huduma zake mwishoni mwa 2016, na mafundi wake wa kujitolea wakaendelea kwa jina la LineageOS. Ufaransa, Gaël Duval, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Mandrake Linux, akaanzisha mradi wa /e/, Android nyingine isiyo na Google. Lakini kisa kinachonikaa kichwani ni cha Canada.

Mwaka 2014 Daniel Micay alianza kuikaza Android dhidi ya wadukuzi. Kazi hiyo ikawa CopperheadOS, chini ya kampuni ya Toronto aliyoshirikiana na James Donaldson. Mwaka 2018 washirika hao waligombana juu ya nani mwenye mradi. Micay akaachishwa kazi. Naye akafuta funguo za kutia saini.

Uzito wa tendo hilo unataka maelezo. Simu haipokei sasisho hivihivi. Hukagua kwanza kama limetiwa saini kwa ufunguo uleule wa awali. Ufunguo ukipotea, simu zilizokwisha kuuzwa zinabaki zilivyo, na matundu mapya hayazibwi. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilimwona mtu mwenye hasira. Halafu nikafikiria upande wa pili: aliyeushika ufunguo ule angeweza kutengeneza sasisho la kupeleleza, na simu ingelipokea bila kuuliza. Micay alidai hakuwa tena na imani na kampuni. Sawa, lakini wateja waliolipa fedha zao hawakuulizwa.

Mwaka 2019 kazi yake ilichukua jina la GrapheneOS. Na hapa pana kichekesho: mfumo huo ulijengwa juu ya simu za Pixel, zinazotengenezwa na Google wenyewe. Sababu ni ya kiufundi. Pixel humruhusu mtu kuweka mfumo mwingine kisha aifunge simu upya kwa ufunguo wa mfumo huo, na tangu Pixel 3 ya 2018 ina chipu maalumu ya kulinda siri. Kwa hiyo aliyemkimbia Google alianzia kwa kununua simu yake.

Mwaka 2021 GrapheneOS ikaruhusu hata huduma za Google Play, za ukoo mmoja na programu Kondik alizokatazwa kuzigawa, ila sasa zikiwekwa kama programu ya kawaida isiyo na upendeleo wowote. Zikitaka kujua mahali ulipo au kusoma orodha ya majina, sharti ziombe ruhusa. Mwenye nyumba wa zamani amekuwa mgeni anayebisha hodi. Ila baadhi ya programu za benki bado humwendea mgeni huyohuyo kumuuliza kama nyumba hii ni ya kuaminika, naye hujibu kwamba haitambui.