Utetezi wa Mgonjwa wa Akili

Neno utetezi, likitumiwa katika tiba ya maradhi ya akili, halihusu mahakama, ijapokuwa msikilizaji wa Lubumbashi akilisikia humfikiria kwanza avoka na joho lake jeusi; maana yake ni kumsindikiza mtu anayetibiwa, kumweleza haki zake, na kuyafikisha maneno yake kwa tabibu, kwa jamaa au kwa mwajiri kama alivyoyanena, bila ya kuyapunguza wala kuyapamba.

Tumchukue mchimbaji wa shaba wa Kinsevere, mgodi ulio kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, ambaye amekosa usingizi kwa majuma na kuanza kusikia sauti, na ambaye jamaa zake, pengine baada ya kumzungusha katika vyumba vya maombi, wamemfikisha mjini kwenye kituo cha tiba ya akili kilichopewa jina la Joseph Guislain, tabibu Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepinga wagonjwa kufungwa minyororo. Akiulizwa alivyolala, mjomba hujibu. Mwenye homa akilalamika kuwa dawa yamtetemesha mikono, husikizwa. Mchimbaji huyu akilalamika vivyo hivyo, lalamiko lenyewe huhesabiwa dalili ya maradhi, na akikasirika kwa kutosadikiwa, hasira nayo huwa dalili ya pili. Hapo ndipo atamanipo mtu wa upande wake, aulize kwa niaba yake kama dawa yaweza kubadilishwa, na kama cheti kitakachopelekwa kazini ni lazima kitaje jina la ugonjwa.

Huenda mtu akapenda kazi hiyo iitwe uwakili, neno lenye heshima yake, hasa pwani, lakini wakili hushika mamlaka ya mtu, akauza, akaoza, akatia sahihi. Na mamlaka hayo jamaa wa mgonjwa wamekwisha kuyatwaa, tena kwa mapenzi. Kinyume cha hayo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, wataka katika kifungu cha 12 mtu asaidiwe kuitumia haki yake ya kuamua. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2007, imewawekea wagonjwa wengi wanaozuiliwa hospitalini watetezi wasio watumishi wa tiba.

Kwetu kazi hii ya utetezi yaweza kumwangukia mdogo wa kike wa mchimbaji yule, ambaye moyoni aona dawa iendelee vile vile, naye akasema, “Dokta, yaya (yaani kaka yangu mkubwa) anaomba dawa ipunguzwe,” kisha rai yake mwenyewe asiitoe.