Wanafunzi wa Uuguzi na Dripu ya Kwinini

Tunapoikumbuka huduma ya uponyaji katika hospitali za Kanisa nchini Tanzania, yatupasa kuwakumbuka pia wanafunzi wa uuguzi waliokesha kando ya watoto wenye malaria kali. Kwa miaka mingi tegemeo lao lilikuwa kwinini, dawa ya magome ya msinkona, ambayo Pelletier na Caventou waliitenga huko Ufaransa mwaka 1820. Wazee wetu huikumbuka kwa uchungu wake na kuvuma kwa masikio. Wauguzi waliikumbuka kwa hofu nyingine.

Mwanafunzi alifundishwa kumpima mtoto uzito kwanza, ndipo akokotoe dawa, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo, ipite mshipani taratibu kwa muda wa saa 4. Ikisukumwa kwa mkupuo, shinikizo la damu laweza kuanguka na moyo kusimama. Tena kwinini hushusha sukari mwilini: mtoto huonekana amelala, kumbe anazimia. Ndiyo maana ilichanganywa na maji ya glukosi, na mwenye zamu hakutazama chupa peke yake.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya artesuneti badala yake kwa watoto pia. Nayo hukokotolewa kwa uzito: miligramu 2.4 kwa kilo, lakini 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20.